Mwongozo kamili: Namna ya kupeleka mchango kwenye kituo cha vijana wa mitaani Dar es Salaam

Jumamosi moja ya Desemba tulipokea makundi matatu ya wageni kwa siku. La kwanza lilileta biskuti. La pili likaleta biskuti. La tatu liliona maboksi yamepangwa ukutani mpaka dirishani, wakatazamana, wakacheka kwa aibu, halafu wakashusha biskuti zao. Ilipofika Februari umeme ulikuwa umekata, mtungi wa gesi mtupu, na vijana watatu walikaa nyumbani wiki nzima kwa kukosa nauli ya kwenda chuo. Biskuti bado zilikuwepo.

Mimi ndiye ninayeshika funguo za stoo katika kituo kimoja kidogo hapa jijini. Wanaokuja kutuona wana moyo mzuri, sina shaka nao hata kidogo. Ila kila mwaka wanakosea palepale, na mwaka unaofuata wanakuja wengine wanakosea palepale. Nimechoka kueleza kundi moja moja getini, ndiyo maana naandika.

Mwongozo huu ni wa vikundi: wafanyakazi wa ofisi moja, jumuiya, wana-vikoba, wanachuo, familia inayotaka kusherehekea siku ya kuzaliwa na watoto wasio na kwao. Kama uko peke yako utakufaa pia. Ruka tu hatua ya 5.

## Andaa hivi kwanza

- Mtu mmoja wa mawasiliano. Awe mmoja. Kikundi kikiwa na wasemaji wanne, kituo kinapata tarehe nne na ahadi nne.
- Daftari lenye safu tatu: jina, alichoahidi, alichotoa. Safu ya pili na ya tatu hazifanani hata siku moja, na ndiyo sababu ya kuzitenganisha.
- Tarehe mbili: ya mwisho kupokea pesa, na ya kwenda kituoni. Ziachane siku tano au zaidi.
- Bajeti ya usafiri. Kirikuu (gari dogo la mizigo) cha kutoka Kariakoo hadi Magomeni si bei moja na cha kwenda Chanika. Nimeona kikundi kimefika getini na mzigo, halafu kikaanza kuchangishana upya ili dereva akubali kushusha.
- Nakala mbili za hati ya makabidhiano. Mfano uko hatua ya 8.
- Kalamu nene ya wino ya kuandika juu ya kila boksi kilichomo na idadi yake.

## Hatua ya 1: Jueni mnamsaidia nani

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Mstari huo unagawa karibu kila kitu katika kazi yetu, kwa hiyo ulizeni mapema: vijana wenu wana umri gani, na wanalala hapo?

Kuna makao, ambako watoto wanaishi usiku na mchana. Serikali ina Makao ya Taifa ya Watoto pale Kurasini. Mengine mengi ni ya mashirika na taasisi za dini. Kuna vituo vya mchana, ambako kijana anaingia asubuhi, anaoga, anafua, anakula, anakaa na mshauri, jioni anarudi maskani kwake, iwe Feri, Karume au chini ya kibaraza cha duka. Halafu kuna nyumba za wanaojaribu kuachana na dawa za kulevya, na vituo vya kufundisha ufundi. Hizi mara nyingi ni za waliokwisha kuvuka miaka 18.

Kwa nini hili lianze? Kwa sababu kundi moja lilipeleka magodoro kumi mapya, mazuri kweli, kwenye kituo cha mchana. Hapakuwa na kitanda hata kimoja wala chumba cha kulala. Magodoro yalisimamishwa koridoni miezi miwili, panya wakayatoboa.

Mmefaulu kama mnaweza kusema kwa sentensi moja: "Tunakwenda kwa vijana wa umri huu, wako karibu wangapi, wanalala au hawalali hapo."

## Hatua ya 2: Hakikisheni kituo kipo kihalali

Msione aibu kuuliza karatasi. Kituo kinachojiheshimu kimezibandika ukutani.

Shirika lisilo la kiserikali linasajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na Msajili wake yuko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Kituo cha kanisa au msikiti kinaweza kuwa chini ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Kama watoto wanalala hapo, cheti cha shirika peke yake hakitoshi: makao ya watoto yanatakiwa kuwa na leseni yake. Mtu akikuonyesha cheti cha shirika na kukwepa swali la leseni, andika kwenye daftari lako.

Njia rahisi ya kupata ukweli ni kwenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri husika. Dar es Salaam ina wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Uliza kituo kinajulikana? Kinakaguliwa? Ofisi ya serikali ya mtaa nayo inajua mengi ambayo hayako kwenye karatasi, na mjumbe wa nyumba mbili mbele anajua zaidi.

Tahadhari: pesa iende kwenye akaunti ya benki yenye jina la taasisi, au lipa namba ambayo ukiibonyeza kabla ya kuweka namba ya siri inasoma jina la taasisi. Ikisoma jina la mtu, simama. Huenda ni mhasibu mwaminifu kabisa, lakini siku akihama au kufariki, hakuna atakayeweza kuonyesha pesa zenu zilikwenda wapi. Hata yeye mwenyewe mnamweka pabaya.

## Hatua ya 3: Pigeni simu kabla ya kununua hata pipi

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wananunua kwanza, halafu wanapiga simu kusema wako njiani. Simu nzuri niliyowahi kupokea ilikwenda hivi:

"Halo, shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mama. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu huku Tabata, tuko kumi na wanane. Tunataka kuja mwezi ujao. Hatujanunua kitu. Naomba kujua wiki hii mmeishiwa nini?"

"Ngoja niende stoo." Nikaenda, nikarudi. "Sabuni, mafuta ya kula, na LUKU ya umeme. Mchele tunao."

"Na kitu gani mnakihitaji lakini hakiletwi?"

"Tiketi."

"Tiketi ya nini, mama?"

"Ya basi. Kuna kijana wa Newala anataka kurudi kwao."

Mwenzangu, kazi ya kituo ni kumtoa kijana kituoni, si kumweka. Wengi wana watu wao Mtwara, Dodoma, Tanga, Iringa. Walipanda lori au walifuata rafiki, jiji likawameza. Akiwa tayari kurudi, na familia imetafutwa na ustawi wa jamii wa huko wameafiki, zinatakiwa tiketi tatu: mbili za kwenda, ya kijana na ya mhudumu, na moja ya mhudumu kurudi. Ongeza chakula cha njiani, vocha, na pengine chumba cha kulala mhudumu kama basi linafika usiku. Sijawahi kuona bango la wafadhili lililoandikwa "tumetoa tiketi tatu". Lakini hakuna mchango unaobadilisha maisha ya mtoto haraka kuliko huo.

Maswali manne yanatosha kwenye simu hiyo:

1. Wiki hii mmeishiwa nini?
2. Kitu gani mnacho tele, tusilete?
3. Kitu gani mnakihitaji lakini hakiletwi?
4. Siku gani mnayotaka tuje, na siku gani tusije?

Swali la nne lina sababu. Siku za mitihani, siku ya kliniki, siku ambayo kijana mpya ameletwa na hali yake si nzuri, wageni ni mzigo. Na kama ni mwezi wa Ramadhani au wiki ya Krismasi, jiandaeni kuambiwa "njooni Februari". Mkiambiwa hivyo msinune. Mmepewa nafasi bora kuliko wote.

Mmefaulu kama mna orodha iliyotoka kinywani mwa mtu wa kituo, na walau kitu kimoja ndani yake kimewashangaza.

## Hatua ya 4: Geuzeni orodha kuwa manunuzi

Vitu vinavyoisha kila wiki. Sabuni ya mche na ya unga, dawa ya meno, mafuta ya kupaka, mafuta ya kula, sukari, unga, maharage, gesi. Kama kuna wasichana, taulo za kike. Mkifika na pakiti sita kwa wasichana ishirini mmeleta ugomvi. Chupi, boksa na soksi ziwe mpya, hakuna mjadala. Kandambili ziwe na saizi, kwa sababu kijana wa miaka 16 havai namba ya mtoto wa darasa la pili.

Bili. Si lazima kubeba kitu mkononi. Ombeni namba ya mita, nunueni LUKU kwa simu, zile tarakimu 20 zitakuja kwenye ujumbe wenu, mzitume kituoni. Mkinunua mwanzoni mwa mwezi msishangae makato ya kodi ya jengo. Bili ya maji ya DAWASA nayo ina namba yake ya kumbukumbu ya malipo. Mnalipa wenyewe moja kwa moja na mnabaki na uthibitisho. Kwa mfadhili mwenye wasiwasi kwamba pesa italiwa, hii ndiyo dawa yake.

Shule na ufundi. Watu wengi bado wanatuuliza "ada ni kiasi gani?" Ada ya shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Kinachomrudisha mtoto nyumbani ni sare, viatu, madaftari na nauli ya daladala ya kila siku. Kwa aliyeko VETA Chang'ombe au kwa fundi wa mtaani, ni ovaroli, viatu vigumu, seti ya spana, cherehani.

Karatasi. Hili hamtalifikiria mpaka mwambiwe. Kijana aliyeondoka kwao na miaka 9 hana cheti cha kuzaliwa. Akifika 18 bila cheti, kitambulisho cha NIDA kinakuwa safari ndefu, na bila NIDA hasajili laini ya simu kwa jina lake, hivyo hata mshahara wa kibarua unapitia simu ya mtu mwingine, ambaye anaukata. Kumlipia nauli na gharama za kufuatilia cheti RITA ni mchango.

Nauli ya matibabu. Kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuachana na heroini, pale Muhimbili ilianza mwaka 2011, na baadaye huduma ikafika Mwananyamala na Temeke. Dawa yenyewe ni bure. Lakini mtu anainywa mbele ya mhudumu, kila siku, hasa miezi ya mwanzo. Anayekaa Mbagala anahitaji daladala kwenda na kurudi siku saba za wiki, na siku anapokosa nauli ndiyo siku maskani inapomwita.

Msilete: dawa za hospitali, hata kama ni panadol mliyobakiza, maziwa ya kopo ya watoto wachanga kwa vijana wenye ndevu, vyakula vinavyomaliza muda mwezi huo, na viatu vya mguu mmoja. Msicheke, viatu vya mguu mmoja vinaletwa.

### Nguo: chambueni nyumbani kwenu

Mimi na mwenzangu tulitumia siku mbili kupekua mifuko kumi na minne ya nguo kutoka ofisi moja. Mfuko wa tano ulikuwa na pazia, sidiria zilizokatika, na gauni la harusi. Tulipata nguo za kuvaa thelathini na kitu. Zilizobaki tulimlipa mzoa taka azichukue. Yaani mchango ulitugharimu.

Fanyeni hivi: mwaga nguo zote sakafuni. Inua moja moja. Jiulize, mdogo wangu akienda nayo mjini nitaona fahari au nitamrudisha akabadilishe? Zinazopita, fua, piga pasi, funga kwa saizi na jinsia, andika juu ya boksi. Zisizopita, kata ziwe matambara ya kudekia. Hayo tunayapokea kwa mikono miwili.

## Hatua ya 5: Kusanyeni pesa bila kugombana

Fungua kundi la WhatsApp la jambo hili peke yake. Bandika orodha ya kituo, tarehe ya mwisho, na namba moja ya kupokelea. Kila jioni mweka hazina abandike majina na kilichoingia.

Sema mapema: "Tuma pamoja na ya kutolea." Watu kumi na wanane wakituma bila ya kutolea, makato yanakula ndoo ya mafuta.

Ahadi si pesa. Tarehe ya mwisho ikifika, panga kwa kilichopo mkononi tu. Msimwambie mtu wa kituo "tutaleta laki tano" kwa sababu ya ahadi, kwani yeye ataahirisha kukopa unga akiwasubiri. Mkipata pungufu hapo, njaa inakuwa ya kwenu.

Mfano wa kikundi kile cha Tabata: watu 18, shilingi 20,000 kila mmoja, jumla 360,000. Waligawa hivi: LUKU 60,000, sabuni, mafuta ya kula na taulo za kike 90,000, nauli za kurudisha vijana 150,000, kirikuu 40,000, makato na dharura 20,000. Hakuna keki, hakuna fulana zenye nembo. Fulana kumi na nane zilizochapishwa zingekula nusu ya pesa hiyo.

## Hatua ya 6: Siku ya kwenda

Nendeni wachache. Watano wanatosha, hata kama mko hamsini. Ua wetu una mwembe mmoja na mabenchi manne. Basi dogo la wageni likishuka, vijana wanageuka maonyesho ndani ya nyumba yao.

Fikeni saa mliyosema. Mkisema saa nne asubuhi mkafika saa nane, kuna vijana walioambiwa waoge na kukaa, wakakaa saa nne nzima na njaa wakisubiri hotuba.

Kuhusu hotuba: mmoja, dakika tatu. Hawa vijana wamehutubiwa na polisi, na mapasta, na masheikhe, na wajomba. Wameshaambiwa wasome kwa bidii. Afadhali mlete mpira mkacheze nao, au kaeni mmenye viazi pamoja. Maneno yatakuja yenyewe kwenye viazi.

Msiulize "kwa nini ulitoroka kwenu?" wala "wazazi wako wako wapi?" Mshauri wetu huchukua wiki kadhaa kufika kwenye swali hilo, na ninyi mnataka jibu kabla soda haijaisha. Ulizeni timu gani anashabikia. Simba na Yanga zinafungua mdomo wa mtu yeyote hapa mjini.

Msiwaite chokoraa, wala panya road kama yale magenge ya vijana waporaji, hata kwa utani. Jina lile la pili limewafanya wengine wapigwe mitaani bila kosa.

Tahadhari kubwa: msimpe kijana pesa mkononi, msimpe namba yako ya simu, usimwahidi chochote peke yake pembeni. "Nitakuja kukuchukua likizo" ni sentensi ambayo mgeni anaisahau akifika Ubungo na mtoto anaihesabu kila Jumamosi. Na mtu mzima anayetaka kukaa faragha na mtoto kwenye kituo, awe nani, anakataliwa. Mkikatazwa kitu na mlezi, itikieni. Sheria hiyo haikuwekwa kwa sababu yenu, iliwekwa kwa sababu ya aliyekuja kabla yenu.

## Hatua ya 7: Picha

Najua mnazihitaji. Bosi anataka kuona, wanachama wanataka kuona. Lakini sura ya mtoto haiendi mtandaoni.

Kuna kijana wetu aliyekuwa amekimbia mtu mzima wa ukoo aliyekuwa akimuumiza. Wageni walipiga picha ya pamoja, bango nyuma yake likiwa na jina la mtaa. Siku nne baadaye mtu yule alikuwa getini kwetu, simu mkononi, ananionyesha picha. Tulimhamisha kijana usiku uleule, akaanza upya mahali asipomjua mtu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitambua taarifa za watoto kama taarifa nyeti, na ridhaa ya mtoto haitoki kwa kuuliza "naweza kukupiga picha?" huku umeshika soda anayoitamani.

Pigeni picha hizi: mikono ikishusha magunia, maboksi yenye maandishi yenu, hati ikisainiwa, viongozi wenu na mlezi. Angalieni nyuma: bango, nembo ya sare ya shule, namba ya nyumba, mchoro wa ukutani unaojulikana. Kabla ya kurusha, mwonyesheni mlezi kila picha. Ikikataliwa, futeni mbele yake.

Mmefaulu kama mtu anayemtafuta mtoto akitazama picha zenu hapati kitu.

## Hatua ya 8: Makabidhiano

Msiondoke bila karatasi. Inawalinda ninyi kwa wachangiaji wenu na inamlinda mtunza stoo, ambaye siku vitu vikipungua ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Andikeni hivi:

> HATI YA MAKABIDHIANO
>
> Leo tarehe ………, kikundi cha ……… kimekabidhi kwa kituo cha ………:
>
> 1. Sabuni ya mche, miche 40
> 2. Taulo za kike, pakiti 36
> 3. Mafuta ya kula, lita 5
> 4. LUKU ya shilingi 60,000, tokeni imeingizwa kwenye mita saa 5:20 asubuhi
> 5. Fedha shilingi 150,000, zimewekwa benki, stakabadhi imeambatanishwa
>
> Fedha za namba 5 ni za nauli za kurudisha vijana kwa familia. Zikibaki baada ya miezi mitatu, kituo kinaweza kuzitumia kwa chakula au matibabu.
>
> Aliyekabidhi ……… Aliyepokea ……… Shahidi ………

Sentensi ya mwisho msiiache. Pesa iliyofungwa kwa kazi moja tu inaweza kulala benki huku jikoni hakuna unga, na mlezi mwaminifu hatathubutu kuigusa. Mpeni mlango wa kutokea, kwa maandishi.

Hesabuni kila kitu kwa sauti, anayekabidhi na anayepokea mkiwa mmesimama stoo. Hesabu ya ndani ya gari haihesabiki.

Kama mchangiaji ni kampuni au mfanyabiashara, aombe stakabadhi yenye jina la biashara yake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu michango kwa taasisi za hisani kupunguzwa kwenye mapato ya biashara, kwa kikomo cha asilimia 2, ilimradi taasisi iwe inatambuliwa hivyo na TRA. Mhasibu wake atajua pa kuiweka.

## Hatua ya 9: Baada ya wiki sita

Mpigieni mlezi. Kwa kikundi cha Tabata nilijibu hivi: sabuni imeisha wiki ya nne, LUKU ilikaa siku ishirini na mbili, vijana wawili wamefika kwao, wa tatu alibadili mawazo stendi ya Magufuli, Mbezi, begi likiwa tayari kwenye buti la basi. Tiketi yake ilipotea. Niliwaambia wazi, na nilitegemea lawama. Mweka hazina akauliza, "Mama, akiamua tena, mtatuambia?"

Taarifa ya kweli ina sehemu mbaya ndani yake. Mkipewa taarifa ambayo kila kijana amebadilika, kila shilingi imezaa, ulizeni tena taratibu. Kijana aliyelala nje miaka mitano anaondoka kituoni na kurudi mara tatu, mara nne, kabla hajakaa. Mfadhili anayekata mchango kwa sababu mmoja katoroka hajaelewa anachofadhili.

Sasa ndipo mzungumze mchango wa kila mwezi. Shilingi 5,000 kwa watu 18 ni 90,000 kwa mwezi. Ni kidogo kuliko mlichotoa siku ile, lakini naweza kuipangia. Nikijua tarehe 5 kuna 90,000, naweza kumwambia kijana wa methadoni kwamba nauli yake ya mwezi ipo. Kwa laki tatu na sitini ya mara moja siwezi kumwambia hivyo.

## Mkikutana na mtoto njiani

Swali hili huja kila mara. Ukimkuta mtoto peke yake usiku, au anaumizwa, piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Au mpeleke kwa ofisa ustawi wa jamii, au kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto. Usimchukue nyumbani kwako, hata kwa usiku mmoja, bila kuwaambia hawa. Nia yako unaijua wewe peke yako. Mnunulie chakula, kaa naye palipo na watu, subiri.

Kwa sasa shika simu yako, weka kikumbusho cha tarehe 10 Februari, saa nne asubuhi, na ukiandike hivi: "Mpigie mama wa stoo, muulize ameishiwa nini."